Karibu ya Mama na Geti Letu

Mama yangu ana kasoro moja ambayo kwao Mpimbwe huitwa malezi mema: mtu akipiga hodi, humjibu karibu kabla hajajua ni nani. Awe jikoni anageuza ugali, awe bafuni na povu kichwani, awe katikati ya rozari yake amefika pale pa kumwombea mkosefu, hodi ikisikika tu, karibu inamtoka. Baadaye ndipo anaanza kujiuliza amemkaribisha nani.

Kijijini kasoro hiyo haikuwa na madhara. Aliyepiga hodi alikuwa shemeji, au mtoto wa shemeji, au mtu anayemtafuta shemeji. Balaa lilianza alipohamia kwangu Mpanda.

Kumhamisha kwenyewe kulikuwa kazi. Aliteleza kwenye kingo za jaruba la mpunga akaumia nyonga, na alipotoka hospitali akawa anatembea kwa kuinamia upande mmoja. Kijijini anaishi peke yake. Kisima kiko mbali na njia yake ni ya utelezi masika yote. Sisi watoto tumetawanyika kama mbegu za kumwaga, na mimi ndiye niliye karibu kuliko wote. Nilichotaka kilikuwa kimoja tu, na sikumficha mtu: mama azeekee kwangu, asije akaanguka tena kule kisimani akalala hapo mpaka apite mtu wa kumwona.

Mara ya kwanza nilimchukua, akakaa wiki chache, halafu akanitoroka. Aliniaga anakwenda Misa ya asubuhi, akaenda stendi. Nilipompigia simu alikuwa ameshavuka mbuga yote ya wanyama. Nikamfuata, nikambembeleza, nikalia, na nilipoona machozi hayatoshi nikanuna. Akarudi. Safari hii akatoa sharti moja. "Nitakaa," akasema, "lakini sikai kama kuku wa mayai."

Nikamkubalia bila kufikiri, maana wakati huo ningekubali lolote.

Nyumba yetu iko upande wa kuelekea Mwamkulu, pale mji unapoanza kuchoka na mahindi yanapoanza. Siku hizo hatukuwa na geti. Tulikuwa na ua wa michongoma wenye pengo la kupitia, na pengo lile mama alilipenda kuliko sebule yangu yenye makochi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, asubuhi siko nyumbani. Mume wangu ni fundi wa magari, naye hayuko. Kwa hiyo kuanzia saa moja na nusu mpaka adhuhuri mwenye nyumba alikuwa mama, na mama alikuwa anakaribisha.

Sijui habari hupitaje baina ya watu wanaouza nyumba kwa nyumba, lakini hupita. Alianza muuza mashuka, yule anayebeba mzigo kichwani mrefu mpaka unadhani ni mashuka yanayombeba yeye. Akafuata mwenye baiskeli ya masufuria, ambaye mtu humsikia kabla hajamwona, kwa jinsi masufuria yanavyogongana. Akaja mama mmoja mnene, mcheshi, muuza samaki, migebuka na dagaa wa kutoka Karema ziwani, ambaye huzungukia minada yote hadi kule kwetu Mpimbwe. Akaja kijana wa dawa za asili zinazotibu minyoo, kiuno, na kukosa mchumba, zote kwenye chupa moja. Kwa mama wote walikuwa wageni. Na mgeni, kwa mafunzo ya mama, haulizwi alichokujia. Hupewa kigoda, akapewa maji, akaulizwa habari za atokako, mvua ikoje huko, watu wazima huko wanaendeleaje. Akishapumua ndipo mwenyewe anasema shida yake. Kumuuliza mtu anataka nini kabla hajameza maji ni sawa na kumwambia aondoke.

Siku moja narudi kutoka shuleni nimebeba madaftari ya darasa zima, nakuta mwanamume nisiyemjua amelala kwenye mkeka barazani kwangu, mdomo wazi, anakoroma.

"Mama, huyu nani?"

"Sema polepole. Ametoka Kabungu kwa miguu."

"Ni nani lakini?"

"Anauza vijiko."

"Jina lake?"

Mama akanitazama kama mtu aliyeshindwa kunifunza adabu tangu utotoni. "Sijamuuliza bado. Amechoka, humwoni?"

Mimi hasira zangu ni moto wa mabua: zinawaka juu, kisha unatafuta jivu hulioni. Siku ile ziliwaka. Nikamwambia mama kwamba huu ni mji, watu wa hapa si wa ukoo mmoja, na kwamba siku moja atamkaribisha mtu atakayemchinja. Mama akasikiliza vizuri sana. Nilipomaliza akaniambia niende nikamwongezee mgeni mto, shingo yake imekaa vibaya.

Nikampelekea. Nilinuna, lakini nilimpelekea.

Kisha yakatokea ya jirani. Jirani yetu wa upande wa kulia ni mjane anayechoma maandazi, mtu makini, si wa kudanganywa kirahisi. Wakaja vijana wawili mchana kweupe, fulana zinafanana, vitambulisho vinaning'inia shingoni, salamu zao za heshima tupu. Wakasema wanapita kukagua vyandarua, kama vimetoboka watu waletewe vipya. Nani asiyetaka chandarua kipya? Akawaingiza mpaka vyumbani. Mmoja akambakiza kwenye chumba cha watoto, anamuuliza mbu wanauma saa ngapi na wanauma wapi zaidi, na mwingine akawa peke yake sebuleni. Mwenzake alipokwisha kutangulia nje, yule wa chumbani akamshukuru, akamfuata. Alikuja kugundua alipotaka kupika: mtungi wa gesi haupo, redio haipo, simu iliyokuwa kwenye chaji haipo. Aliambiwa asante na watu waliokuwa na gesi yake.

Kilichoniumiza si gesi. Ni kwamba kwa wiki nzima yule mama alikuwa akitetemeka mikono, maandazi yanamtoka vipande vipande, na hakutaka kubaki peke yake ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Nikamtazama yeye, nikamfikiria mama na nyonga yake. Wale vijana wangekuja kwetu wasingehitaji hata vitambulisho. Mama angewasaidia kubeba.

Mwenyekiti wa mtaa akaitisha kikao, akasimama akasema tahadhari kabla ya hatari, akasema kinga ni bora kuliko tiba, akasema msimkaribishe mtu msiyemjua. Wote tukaitikia. Mama naye aliitikia, tena kwa sauti. Kumbe alikuwa anaitikia kwa adabu, kama mtu anavyoitikia hotuba ya harusi.

Mume wangu akaleta geti. Yeye ni Msukuma, watu wake walihamia Katavi na ng'ombe wao, amekulia kwenye boma la miiba na mbwa wawili, kwa hiyo kwake lango ni jambo la kawaida kama mlango wa choo. Lakini yeye na mama hawazungumzi moja kwa moja mambo mazito. Mkwe ni mkwe. Maneno yao hupitia kwangu, hata kama wamekaa hatua chache tu na kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri.

"Mwambie mama," akasema mume wangu, "kwetu hata ng'ombe wana lango."

"Mwambie mkwe wangu," akasema mama, "nashukuru. Ila mimi sina pembe."

Mume wangu akainama kuficha kicheko, akaendelea kuchomelea. Likawa geti zuri la bati, la bluu, lina komeo kwa ndani na kidirisha kidogo cha kuchungulia. Chini halikufika ardhini, likaacha nafasi ya kupita kuku.

Ikabaki kumfundisha mama. Nikamwambia maswali ni matatu tu, na komeo haliguswi mpaka yajibiwe yote. Nani? Unatoka wapi? Unauza nini, au unataka nini? Nikayarudia kama ninavyorudia irabu kwa darasa la kwanza. Akayashika upesi sana, akayasema mfululizo bila kukosea. Nikafurahi, nikatoka nje ya geti tujaribu.

"Hodi," nikasema.

"Karibu," akasema mama.

Tukaanza upya.

"Hodi."

"Karibu. Aa, nani?"

"Ni mimi."

"Karibu mwanangu." Komeo likafunguka.

Nikamwambia mama, hapo tayari ameshachinjwa mara mbili. Akaniambia hawezi kumwacha mwanawe nje juani anamhoji kama polisi. Nikamwambia basi ajifanye si mwanawe, ajifanye mimi ni mwizi. Akafikiri kidogo, akasema, "Kama ni mwizi na amepiga hodi, ana adabu huyo. Ana shida gani?" Mume wangu alikuwa nyuma ya nyumba akijifanya anatafuta spana.

Lakini nilishikilia. Kila jioni tulifanya mazoezi, mimi nje, yeye ndani, mpaka watoto wa mtaani wakawa wanakuja kutazama. Na mazoea yana nguvu: siku moja, baada ya hodi yangu, kukawa kimya, halafu ikatoka sauti ya mama, baridi kabisa: "Nani?" Nilishangilia peke yangu pale nje.

Ningejua nilichokuwa nashangilia nisingeshangilia kwa sauti ile.

Wauzaji wakapungua. Nani atasimama juani kuulizwa maswali matatu na bati? Mwenye masufuria akawa anapita bila kusimama, tunasikia tu kelele zinakuja, zinapita, zinaisha. Mama akawa anakaa kigodani ndani ya ua, uso wake kwenye ile nafasi ya chini ya geti, anatazama miguu. Akaanza kusalimia miguu. "Habari za asubuhi, yeboyebo," nilimsikia siku moja ya mapumziko akiiambia miguu iliyovaa viatu vya plastiki. Miguu ikasita, ikageuka huku na huku, haikujua imesalimiwa na nani. Ikaondoka haraka.

Na mtaa nao ukaanza kutusoma vibaya. Upande wetu ule, mlango ukifungwa mchana maana yake kuna ugonjwa, kuna ugomvi, au kuna msiba. Nikiwa shuleni wakaja kina mama wa jumuiya, wamefunga khanga vichwani, mmoja ana beseni la unga. Walikuwa wamepita siku iliyotangulia wakakuta pamefungwa na hakuna sauti, wakajua kuna jambo. Mama akawauliza maswali yake matatu kupitia kidirishani. Wao wakadhani ni mshtuko wa kufiwa, wakazidi kumpa pole. Mpaka waelewane, unga ulishapokelewa. Niliporudi nikakuta mama ameupika.

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu mama yangu ni mtu wa kucheka. Nilianza kuyaona ambayo nilikuwa nayapita: anakula nusu ya ugali wake, anasukuma sahani. Hanisimulii kitu nikirudi, kwa sababu hana cha kusimulia. Jioni moja alikuwa anakunja vitenge vyake kimoja kimoja, bila haraka, akaniuliza kama mabasi ya kwetu bado yanaondoka asubuhi.

"Yanaondoka," nikamjibu. "Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Mama haulizi tu. Nilikwenda chumbani nikamwambia mume wangu, mama anatuacha. Akaniuliza amesema? Nikamwambia hajasema, amekunja vitenge. Mume wangu, ambaye alikuwepo ile safari ya Misa ya asubuhi, hakuniuliza zaidi.

Ilikuwa Jumamosi moja ya kufua. Niko nyuma ya kamba ya nguo, shuka lililolowa liko mikononi, mama yuko kigodani pake. Hodi ikasikika getini, hodi ya mtu mzima, nzito. Mama akainuka, akaenda kwa kuinamia upande wake. Kidirisha hakukifungua.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi niliyekubeba mgongoni."

"Unatoka wapi?"

"Ninatoka ulikozaliwa."

"Unauza nini?"

"Siuzi. Nimeleta mchele, na jogoo, na magoti yangu yanauma."

"Unataka nini basi?"

"Nimekuja kumchukua mdogo wangu."

Shuka likaniponyoka likaanguka kwenye udongo. Nilikimbia na mikono yangu ya mapovu, nikafungua komeo, na kweli alikuwa mama mkubwa, dada yake mama, kasimama juani na kiroba cha mchele miguuni na jogoo kwapani, amesimama wima kama yuko mahakamani. Nikageuka kumtazama mama. Hadi leo sijajua kama aliitambua sauti ile tangu hodi ya kwanza. Nikimuuliza ananiambia, "Si uliniambia niulize?"

Mama mkubwa hakusema neno mpaka alipokaa, akanywa maji, akala, akajinyoosha. Alasiri mume wangu aliporudi, ndipo alipoita kikao barazani. Mimi nilikaa kwenye mkeka kama mshitakiwa. Mume wangu alikaa mbali, kwenye ngazi, mgongo umetugeukia nusu kwa heshima.

Kumbe yule muuza migebuka alifika na nyungo zake mnadani kwetu, akasimulia. Habari ilipotoka Mpanda ilikuwa kwamba mama kawekewa geti. Ilipofika kwa ndugu ilikuwa kwamba mama kafungiwa.

"Sasa mimi nimekuja kuona kwa macho," akasema mama mkubwa. "Njiani gari limesimama, tembo wako barabarani. Wametutazama, wametupisha. Hata tembo hawakuniuliza ninauza nini."

Nikalipuka. Nilisema yote: ya jirani, ya vijana wa vyandarua, ya mikono inayotetemeka, ya mtu wa vijiko anayekoroma barazani kwangu. Nikasema nyie kule mnajuana, hapa hatujuani. Nikasema ningemwacha pengo wazi, mama akaumizwa, nyie nyie ndio mngekuja kuniuliza nilikuwa wapi. Sauti yangu ilikuwa juu, na sikuwa na adabu, na yote niliyosema yalikuwa kweli.

Mama mkubwa hakukasirika. "Mwizi tunamjua," akasema. "Kwetu yuko wa mpunga, yuko wa kuku. Sibishani na wewe mwanangu. Lakini mimi sikuja kuongea na wewe. Mdogo wangu, wewe unasemaje? Tunakwenda, au unakaa?"

Mama alikuwa anachambua ule mchele kwenye ungo, anatoa vijiwe. Akaendelea kutoa vijiwe.

"Huyu mtoto ananipenda," akasema, bila kunitazama. "Ananilisha. Ananikanda kiuno. Nyumba yake nzuri. Lakini dada, kwenye nyumba kuna watu wa namna mbili: yuko anayekaribisha na yuko anayekaribishwa. Nilipokuja hapa nilikaribisha watu, nikajiona niko kwangu. Akaniomba niache, nimeacha. Sasa nimebaki mgeni." Akapuliza pumba. "Na mgeni hata akipendwa vipi, huenda kwao."

Nilihisi aibu, na chini ya aibu nilihisi woga mtupu, ule wa mtoto aliyeachwa mkono sokoni. Nilikuwa nimemlinda mama na kila mtu anayeweza kumchukua, na sasa anaondoka mwenyewe. Nililia pale mkekani, mtu mzima, mwalimu wa watu, na jogoo wa mama mkubwa ananitazama.

Kutoka ngazini mume wangu akakohoa.

"Mwambie mama," akasema, "kwetu ng'ombe wako ndani ya boma. Lakini moto wa kuota na wageni uko nje ya boma. Wageni hawaingii kwa ng'ombe, na hakuna anayesema tumewafukuza."

Mama akauweka ungo chini.

"Mwambie mkwe wangu aendelee," akasema mama.

"Mwambie nina mbao mbili gereji. Na bati limebaki."

Kesho yake, baada ya Misa, mume wangu alijenga kibanda nje ya geti, ubavuni mwa ua: nguzo nne, bati juu, benchi refu la kukaa watu, na meza ndogo ya ndoo ya maji na vikombe. Kigoda cha mama kikahamia huko. Geti likafungwa nyuma yake, na mama akawa mbele ya geti. Tulikubaliana jambo moja, naye alilikubali mbele ya dada yake: mtu atakaa, atakunywa, ataulizwa habari za mvua mpaka achoke, lakini ndani haingii mpaka mmoja wetu awepo. Kulala atalala benchini.

Watu wa kuuza wakarudi kama waliopigiwa kengele. Mwenye masufuria akasimamisha baiskeli yake. Muuza migebuka akaja akaomba radhi kwa habari aliyopeleka, na papo hapo akaanza kukusanya nyingine. Jirani yangu wa maandazi akaleta beseni lake pale kibandani akawa anauzia hapo, kwa kuwa hapo hayuko peke yake, na mikono ikaanza kumtulia. Kama wale vijana wa vyandarua walipita tena, sijui. Huenda walikaa, wakanywa maji, wakaulizwa mama zao wanaitwa nani na wamezikwa wapi wazee wao, wakaona kazi hii ni nzito wakaenda mtaa mwingine. Sitajidai kwamba tumewashinda wezi. Bado nikiwa darasani moyo wangu hupiga simu nyumbani kila saa.

Mama mkubwa, aliyekuja kumchukua mtu, akanogewa. Alikaa kibandani na mdogo wake kutwa, wanabishana na muuza mashuka kuhusu rangi ambazo hawana mpango wa kununua. Yule kijana wa dawa alimpa ya magoti, akaipaka, akasema haifai kitu, akaomba nyingine. Lakini mama hakusema anakaa. Nami sikuthubutu kuuliza. Kila nilipotaka kuuliza nilipika.

Ikafika asubuhi ya mama mkubwa kuondoka. Bodaboda ilishafika nje, inanguruma. Nikatoka chumbani, na mlangoni nikakuta mfuko mkubwa wa mama, ule aliokuja nao, umejaa, umefungwa kamba. Vitenge vilikuwa vimetokeza juu. Nilirudi jikoni nikasimama nikaukata mkate wote vipande, mkate mzima, kwa watu wawili wa safari. Nilijiambia sitalia na sitanuna, maana vyote viwili nilishavitumia.

Nilipotoka na mkate, mume wangu alikuwa ameshaufunga ule mfuko nyuma ya pikipiki. Mama mkubwa amepanda. Na mama yangu amekaa kwenye kigoda chake, kibandani, amevaa kandambili za nyumbani, anamtajia dada yake vilivyomo: vitenge viwili ni vya wifi, shuka ni la padri, vijiko ni vya yule mtoto wa shemeji anayeolewa.

"Na kisima?" akauliza mama mkubwa. "Na nyumba yako?"

"Mpe ufunguo huyo anayeolewa. Nyumba isikae bila moto."

Mama mkubwa akatingisha kichwa, akakaza khanga yake. Mimi nilikuwa nimesimama na sahani ya mkate. Mama hakunitazama. Alimshika dada yake mkono, akamwambia kwa sauti ya mwenye nyumba anayesindikiza mgeni:

"Waambie wenzetu waje. Wasijisumbue kupiga simu. Mimi nipo."